Uzi wa Paja la Kushoto

Sagalla, Jumapili alasiri

Mwanangu Wakesho,

Kabla hujaendelea kusoma, tazama vizuri bahasha. Nimeibandika kwa uji mzito wa unga kwa sababu gundi ya dukani ilikauka, na pale inapofungwa nimeandika jina langu kwa kalamu, nusu juu, nusu chini. Kama herufi hazikukutana sawasawa, ujue kuna mtu aliifungua kabla yako. Simshuku mtu. Haya, namshuku baba yako, ambaye hajawahi kuona bahasha iliyofungwa akatulia.

Nimefurahi umepanda Werugha kumuaga shangazi yako. Ungekuwa hapa ningeshindwa kuandika, maana wewe husomea watu mabegani. Baba yako ameenda kwenye kikao cha tangi la maji la kanisa, na kikao hicho hakijawahi kwisha mapema tangu tangi lianze kuvuja. Kwa hiyo nina nafasi mpaka mtakaporudi.

Mambo ya kula, kulala na kuamka sitayaandika. Una miaka ishirini na mitatu na una akili. Nataka kukuambia juu ya ile mifuko miwili ya uzi wa mkonge iliyo karibu na mlango, ambayo utaibeba kesho. Lakini nikianza na mifuko utakasirika na kuacha kusoma, na hasira yako naijua kwa kuwa uliichukua kwangu. Wacha nianze mbali kidogo.

Mimi ni mtu wa kushuku. Wewe mwenyewe huwa unasema, "Mum, wewe hata ukipewa maji ya kunywa lazima unuse kwanza." Ni kweli. Nikinunua mkaa naumwaga gunia lote nione chini kuna nini. Mhubiri mgeni akija, nasikiliza mahubiri nikiangalia viatu vyake. Hii tabia sikuzaliwa nayo. Nilipokuwa msichana, mfanyabiashara mmoja wa Voi alimwomba nyanya yako kikapu kimoja cha mfano, akakisifu sana, akakaa kwenye kiti chetu na kunywa uji wetu. Baada ya msimu mmoja tuliona vikapu vya plastiki sokoni vyenye mistari ile ile ya nyanya yako, rangi kwa rangi.  Nyanya alirudi nyumbani, akakaa chini, akanyoosha miguu, akaendelea kusokota. Mimi ndiye niliyeweka moyoni kwamba mtu akikuuliza unafanyaje jambo fulani, anataka kukuondoa ulipo.

Basi unaweza kufikiria nilivyojisikia Injinia Atieno wa karakana ya miguu ya bandia alipofika hapa kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, akaketi mkekani na kikundi chetu cha wasokotaji. Ulikuwa unakimbia huku na huku kama bibi harusi, unaleta chai, unaleta maji ya kunawa. Alitoa mkobani ile soksi yake ndefu nyeupe iliyosukwa kwa nyuzi za kioo kutoka ng'ambo, akaeleza kwamba huvutwa juu ya umbo la plasta la kigutu cha mtu, ikapakwa gundi ya maji maji, na ikikauka inakuwa ngumu kama mfupa na nyepesi kama kibuyu. Hapo ndipo mguu wa bandia unaposhikilia. Akasema anataka kuisuka soksi hiyo kwa mkonge wetu, kwa sababu nyuzi za kioo ni za kungojea meli na zinawasha ngozi ya mafundi. Kisha akaanza kupiga picha mikono yetu ikisokota uzi juu ya paja. Mikono na mapaja! Nilivuta leso mpaka vidole vya miguu.

"Mama, naweza kuona tena vile mkono unaenda?" akaniuliza.

"Unaona nini? Ni paja tu. Kila mtu ako na paja."

Wote wakacheka, naye akacheka, lakini wewe ulinikazia macho. Ukaninong'onezea, "Mum, si umwonyeshe tu. Ako sawa huyu." Mimi nikajibu kwamba mtu aliye sawa humaliza chai yake, na yeye alikuwa ameacha nusu kikombe.

Halafu akawasha simu kutuonyesha mashine yao. Wewe unaijua, umeitazama hiyo video mpaka ukaweza kuichora. Bobini nyingi zenye uzi zimesimama kwenye sahani ya duara, nusu zinatembea kulia, nusu zinatembea kushoto, zinapishana nje na ndani kama wanakwaya wanaobadilishana nafasi, na katikati soksi inapanda polepole ikifunika lile umbo. Mama Righa wa kikundi chetu alipiga makofi kwa mshangao. Mimi moyo ulinipiga kwa sababu nyingine. Ile mashine nilikuwa naijua.

Katikati ya kelele zile Injinia akaniuliza, "Na nyote mnasokota kwa upande huu mmoja?"

Nikamjibu, "Sote."

Ulikuwa jikoni unachochea moto wa chai ya pili, hukusikia. Swali hilo nilikuwa nimewahi kuulizwa, na jibu hilo nilikuwa nimewahi kulitoa, zamani kabla hujazaliwa. Sasa nakwambia juu ya mara ile ya kwanza.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha kamba kule kwenye mashamba ya mkonge. Kilishafungwa, hata paa lilishang'olewa, na ukipita leo utaona mbuzi tu. Tulikuwa na chumba kimoja chenye mashine ya kusuka kamba za mviringo, kuukuu, inapiga kelele ya kuumiza meno. Fundi wake alikuwa Mkamba mmoja kijana, mpole, aliyependa kuieleza mashine yake hata kwa mtu ambaye hakumuuliza. Wakati wa chakula alitusimulia kwamba mashine za namna hiyo zilianza kwa vitu vidogo vidogo, kamba za viatu na tambi za taa, kisha watu wakaanza kupitisha waya katikati ili uvikwe nguo, kisha mipira ya maji. Akasema siku moja watu watapitisha katikati kitu chochote wanachotaka, na mashine itakivika. Sisi tulikuwa tunakula mihogo na kumcheka.

Fundi huyo alikuwa na tatizo. Kamba zake zilijizungusha. Ukianika nguo, kamba inageuka na vibanio vinaanguka. Ukifunga mbuzi, kamba inajikunja mafundo mafundo. Alibadilisha hiki, akabadilisha kile, hakuna kitu. Siku moja akaona mkanda wa kikapu changu, ule wa kuning'iniza begani. Akaushika, akauinua na kuuacha uning'inie na mzigo wa mahindi. Haukugeuka hata kidogo.

Wewe hujui kwa nini, kwa sababu sikukufundisha. Nilisema macho yako yana kazi ya vitabu. Nyanya yako alikuwa na sheria moja ya mkanda. Nusu ya nyuzi unazisokotea kwenye paja la kulia kwa mkono wa kulia, halafu unahamia paja la kushoto na mkono wa kushoto, unasokota nusu nyingine. Huo wa kushoto ni wa taabu, mkono haujazoea, na wasichana wengi huuhepa. Lakini uzi wa paja la kushoto umejipinda upande wa pili, na ukizisuka pamoja, huu unataka kwenda huku na ule unataka kwenda kule, zinashikana, mkanda unatulia. Ukitumia nyuzi za paja moja tu, utatembea njiani na kikapu kinageuka na kumwaga vitu mbele za watu. Nyanya alikuwa akiuning'iniza uzi mmoja mmoja kuukagua, na ukimdanganya unarudia wote.

Fundi aliniuliza palepale, mkanda ukiwa mkononi mwake. "Dada, nyinyi wote mnasokota kwa upande mmoja?"

Wakati huo kulikuwa na uvumi kwamba wanawake watapunguzwa. Yeye alikuwa mgeni, hakutoka huku milimani kwetu, na nilikuwa nimemwona mara mbili akicheka na msimamizi. Nikajumlisha mwenyewe kichwani. Nikajiambia kwamba akishajua, ataitengenezea mashine, na sisi tutaenda nyumbani kulea kuku. Nikamtazama usoni nikasema, "Sote paja moja. Ni uzito wa mkono tu."

Aliniamini. Ndilo linaloniuma mpaka leo, aliniamini kabisa, akanishukuru. Akaenda kukaza springi za bobini ili nyuzi zivutwe kwa nguvu, maana nilimwambia ni uzito. Nyuzi zikaanza kukatika. Akakaza zaidi. Wiki ya pili meno ya gia yakavunjika, mashine ikasimama, na wakubwa wakasema wamechoka na majaribio yake. Alifukuzwa siku hiyo hiyo. Nilimwona akitoka getini na kisanduku chake cha spana, na nakuambia ukweli, Wakesho, nilifurahi. Nilijiona mjanja. Mashine ikauzwa kwa watu wa vyuma vikuukuu, chumba kikafungwa, na haikupita miezi mingi sisi wote wa chumba kile tukaambiwa twende nyumbani. Mama Righa alikuwa mmoja wetu. Kuku tulilea hata hivyo.

Fundi huyo unamjua. Ni Fundi Nzioka.

Ndiyo, huyu huyu wa baiskeli pale Voi, aliyekuachia ushike spana ukiwa darasa la sita, aliyekufundisha kunyoosha rimu kwa kusikiliza mlio wa waya. Ulipokuwa unakuja nyumbani na mafuta meusi mpaka kwenye viwiko ukisema unataka kuwa mtu wa mashine, mimi nilikuwa nikigeuza uso. Na umeniuliza mara nyingi kwa nini kila Jumamosi nambebea mboga, tena sukuma wiki ninayoinywesha maji ya kuoshea vyombo kwa sababu mengine hatuna. Nilikwambia ni kwa kuwa alikufundisha bila kuomba kitu. Ulikuwa nusu uongo.

Siku ya kwanza niliyokufuata kwake nilimtambua mara moja, naye akanitambua. Nilidhani atanifukuza. Alinipangusia kiti.

"Mama Wakesho, ile mashine ilinishinda," akasema. "Mpaka leo sijui nilikosea wapi. Na nilikuwa nimeshawaandikia wakubwa, wanunue uzi wa mkono kutoka kwenu. Ule uzi wa kiwanda ulikuwa takataka. Nilitaka mashine iwafuate nyinyi, si nyinyi mfuate mashine."

Nilikuwa na nafasi pale ya kufungua mdomo. Wewe ulikuwa umechuchumaa kando unazungusha pedali, ukiimba. Nikasema, "Pole, fundi. Vyuma ni vyuma." Jumamosi iliyofuata nikampelekea mboga. Ni miaka mingapi sasa? Amekula mboga zangu zote na hajui anakula nini.

Sasa turudi kwako. Injinia Atieno aliondoka na furushi la uzi wetu, wote wa paja la kulia. Ulipata simu yake nikiwa nachambua pojo karibu yako. Soksi ilisukwa vizuri, ikapendeza, lakini ilipopakwa gundi na kukauka ikajipinda. Akakuambia anakuchukua kwa miezi mitatu, kwa sababu umesomea mitambo na unatoka kwenye uzi wenyewe, utafute ni kwa nini. Ukishindwa watarudi kwenye nyuzi zao za kioo, wewe utarudi nyumbani, na hakuna mtu atakayenunua uzi wa Sagalla tena. Uliruka ukanikumbatia na pojo zikamwagika.

Wiki mbili nimekutazama pale mezani. Umechora bobini, umezifuta, umezichora tena. Umejaribu kwa vijiti na nyuzi za sweta. Juzi uliniuliza, "Mum, na wewe unafikiria ni nini?" Nami nikakwambia mimi sijui mambo ya mashine. Uliinamia karatasi yako tena, na mimi nikatoka nje nikasimama nyuma ya choo nikiona aibu. Ninajua jibu tangu nikiwa na miaka tisa. Nimemwacha mtoto wangu ahangaike nalo kwa sababu namshuku mtu aliyeacha nusu kikombe cha chai.

Niseme ukweli, karibu nikuache uende hivyo hivyo. Nilijiambia utashindwa, utarudi, utafundisha pale chuo cha ufundi Voi, tutakaa. Mama mwenye wivu anaweza kujidanganya kwamba anamlinda mtoto. Kilichonigeuza ni ile picha ya jana uliyonionyesha ukiwa unapanga nguo. Lile kombe la mguu, yaani ile soksi iliyokauka, lilikuwa limejipinda, na wayo waliouunganisha chini yake ulikuwa unatazama pembeni, kama mtu aliyeitwa njiani. Ukasema aliyepimwa mguu huo ni dereva wa bodaboda aliyegongwa barabara kuu, na bado anangoja. "Mum, imagine avae hii kitu." Nikamfikiria. Nikamwona anaamka asubuhi, anavaa neno langu, anasimama nalo.

Leo baada ya ibada nilikiambia kikundi. Uzi wa kushoto si wangu peke yangu, ni wa nyanya zetu sote, kwa hiyo sikuwa na haki ya kuutoa bila wao, kama vile sikuwa na haki ya kuuficha kwa niaba yao. Nilipofika kwenye habari ya Nzioka, Mama Righa aliweka Biblia yake chini.

"Kwa hivyo ni wewe," akasema. "Miaka yote hii nimelaani wale wakubwa, kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Na umeniangalia tu nikilaani."

 Aliokota Biblia yake, akaitia mkobani. Kisha akasema, "Mwambie mtoto. Lakini waandike jina letu, na waandike kabla hajawaonyesha." Akaondoka bila kuniaga. Sijui kama atakuja Jumanne kusokota. Hiyo ni yangu, usiibebe.

Sikiliza basi. Hiyo karatasi ya mkataba waliyokutumia nimeisoma mara tatu kwa miwani ya baba yako, na kuna kipengele ukurasa wa pili kinachosema chochote utakachogundua kwenye karakana yao ni chao. Nakishuku kipengele hicho kama ninavyomshuku fisi karibu na zizi, na ninakuomba nawe ukishuku. Usidhani nimeandika yote haya ili uende huko mpole kama mtoto wa kondoo na kuamini kila anayekuchekea. Injinia wako anaweza kuwa mtu mwema anayefanya kazi chini ya watu wasio wema. Anaweza kuwa si mwema. Mimi bado sijaamua, na kile kikombe bado nakikumbuka.

Lakini uliza. Mbele ya watu, mchana, kwa sauti yako ya kawaida. Mwambie, hiki kipengele maana yake ni nini, na kikundi cha Sagalla kinaandikwa wapi? Usitie sahihi siku hiyo hiyo hata wakikuletea keki. Akikujibu vizuri, akaandika, mpe. Akizungukazunguka, funga mifuko yako urudi, na hakuna mtu hapa nyumbani atakayekuuliza kwa nini. Nzioka mimi sikumuuliza chochote. Ningemwambia tu, "Fundi, unataka kujua ili ufanye nini?" Angenieleza palepale, maana yule mtu hana siri hata ya chakula alichokula. Nilijibu swali lake kwa uongo na nikajiuliza langu mwenyewe, na nikajijibu mwenyewe, na tukapoteza kazi wote kwa majibu yangu.

Hilo ndilo kosa langu kubwa, Wakesho. Mengine uliyaona ukikua, huna haja ya barua.

Mifuko sasa. Wewe unajua imejaa uzi ule ule. Asubuhi, ulipokuwa unaoga, nilimwaga mmoja na kuujaza uzi wa paja la kushoto, wote niliosokota kwa ajili ya mikanda ya msimu huu, uliokuwa kwenye sanduku la bati chini ya blanketi za wageni. Ndio mfuko wenye fundo jekundu mdomoni. Bobini zinazozunguka kulia zipe uzi wa mfuko mmoja, zinazozunguka kushoto zipe wa mfuko wa pili. Upi uende wapi, hilo silijui, mimi nilisuka mikanda, sikusuka miguu. Jaribu hivi, ujaribu vile. Kazi ni yako.

Na usiniamini. Nasema kweli, nimekuonyesha katika barua hii kwamba mimi si mtu wa kuaminiwa kwenye jambo la uzi. Ukifika, chukua uzi mmoja kutoka kila mfuko, ufunge kijiwe mwishoni, uuachie uning'inie kwenye msumari. Mmoja utazunguka huku, mwingine utazunguka kule. Ndivyo nyanya yako alivyotukagua. Kama zote mbili zitazunguka upande mmoja, basi mama yako alikudanganya mpaka siku ya mwisho. Hazitazunguka upande mmoja. Nimezijaribu sasa hivi hapa mlangoni, nikakaa nikazitazama mpaka chai yangu ikapoa, na kwa mara ya kwanza nilitamani ungekuwa umekaa hapa karibu nami, mdogo, mwenye mafuta kwenye viwiko, ili nikuonyeshe kwa mikono badala ya kuandika. Nimekupenda vibaya katika jambo hili. Lakini nimekupenda.

Nasikia pikipiki huku chini, labda ni wewe na kabichi za shangazi yako. Wacha nimalize.

Kesho tutashuka pamoja mpaka Voi. Baba yako atalia na kujifanya ni vumbi. Basi lako likishaondoka, yeye atarudi nyumbani peke yake, kwa sababu mimi nitapitia kwa Fundi Nzioka. Si Jumamosi, atashangaa kuniona. Sitambebea mboga. Nitabeba nyuzi mbili tu, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, na vijiwe viwili, na nitamwomba anipe nafasi ya msumari mmoja kwenye ukuta wake kwa dakika tano, atazame.

Mama yako